Kuelezea grafu kwenye IELTS: yanayosemwa vijiweni na anachotafuta msahihishaji

Wanaojiandaa na IELTS ya Academic, mtihani wa Kiingereza kwa wanaotaka kusoma nje, hapa Dodoma, wengi wakiwa wanachuo na watumishi wanaowania ufadhili wa masomo nje, hutumia muda wao mwingi kwenye insha. Swali la kwanza la uandishi, lile la kuelezea grafu, jedwali, ramani au mchoro wa hatua, hulichukulia kama la kupasha misuli. Kisha wanaliandika kwa kufuata walichosikia kwa waliotangulia, na humo ndimo alama zinapovuja.

Tuweke kwanza yasiyo na ubishi. Uandishi una dakika 60 na maswali mawili. La kwanza linataka angalau maneno 150 na hupangiwa takriban dakika 20. La pili ni insha ya angalau maneno 250, hupangiwa dakika 40, na lina uzito mara mbili ya la kwanza. Swali la grafu husahihishwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: ulivyotimiza ulichoulizwa, mpangilio na mtiririko, msamiati, na sarufi.

“Usiache namba hata moja, wataona hukuielewa grafu”

Hii ndiyo dhana yenye gharama kubwa kuliko zote, kwa hiyo tutakaa nayo. Maelekezo ya swali lenyewe yanamtaka mtahiniwa achague mambo makuu, ayaripoti, na alinganishe panapofaa. Anayetaja kila kitu hajachagua chochote. Maelezo rasmi ya bendi ya 5 (bendi ni ngazi ya alama) yanaitaja tabia hii waziwazi: kusimulia takwimu moja baada ya nyingine kimashine.

Tuchukue takwimu za kweli. Hii ni idadi ya watu kwa mamilioni katika sensa za 2002, 2012 na 2022, kwa mikoa ya Dodoma, Singida na Tabora:

Dodoma: 1.7, 2.1, 3.1
Singida: 1.1, 1.4, 2.0
Tabora: 1.7, 2.3, 3.4

Namba tisa tu, lakini angalia jinsi wengi wanavyoanza: “In 2002 Dodoma had 1.7 million people, Singida had 1.1 million people and Tabora had 1.7 million people. In 2012 Dodoma had 2.1 million people...” Sarufi haina kosa hapo. Namba zote ni sahihi. Ila msomaji akifika mwisho hajui lililotokea, na ingekuwa nafuu kwake kulisoma jedwali mwenyewe.

Sasa litazame tena jedwali hilo huku ukijiuliza maswali manne: nani alianza juu na nani alimaliza juu, mabadiliko makubwa yalitokea lini, nani amepishana na nani, na nani hakufuata wenzake. Majibu yanajitokeza. Dodoma na Tabora zilianza karibu sawa, lakini Tabora ikaishia juu, baada ya watu wake kuongezeka karibu mara mbili. Singida ilikuwa ya mwisho kila sensa. Mikoa yote mitatu iliongezeka zaidi baada ya 2012 kuliko kabla yake: Dodoma iliongeza watu milioni 0.4 katika miaka kumi ya kwanza na milioni 1.0 katika kumi iliyofuata. Halafu kuna moja ambalo wengi hawalioni: Singida ya 2022 ilikuwa bado haijaifikia Dodoma ya 2012. Sentensi moja kama “By 2022 Singida, at 2.0 million, had still not reached the figure Dodoma had recorded ten years earlier” ina ulinganisho, wakati na takwimu kwa pamoja. Inazidi sentensi nne za kuorodhesha.

Hii haina maana uandike bila namba. Kila jambo kuu ulilolichagua linahitaji namba ya kulithibitisha, moja au mbili. Zinazobaki ziache kwenye jedwali lao.

“Muhtasari ni hitimisho, unaandikwa ukipata muda”

Muhtasari wa jumla ndio uti wa mgongo wa jibu. Bila huo, hata aliyeandika Kiingereza safi hubanwa chini kwenye kigezo cha kutimiza swali. Kuanzia bendi ya 7 unatakiwa uonekane wazi. Ukiuacha mwisho na muda ukakuishia, umeacha kitu cha kwanza ambacho msahihishaji atakitafuta. Unaruhusiwa kuuweka mwisho, lakini ni salama zaidi kuuandika mara tu baada ya sentensi ya utangulizi.

Sentensi mbili zinatosha. Kwa jedwali letu: “Overall, the population of all three regions grew over the period, with most of the growth coming after 2012. Tabora and Dodoma started at almost the same level, but Tabora ended as the most populous of the three, while Singida remained the smallest throughout.” Hakuna idadi hata moja ya watu humo ndani, na ndivyo inavyofaa. Takwimu zitafuata kwenye aya mbili za ufafanuzi.

Hitimisho la kumalizia, lile la “in conclusion” likifuatiwa na maoni au ushauri kwa serikali, halihitajiki kabisa. Ni la kwenye insha.

“Toa sababu ili uonyeshe una uelewa”

Hapa watu wa Dodoma wana mtego wao wa peke yao. Ukipewa jedwali lile, mkono unawasha kuandika kwamba watu wameongezeka kwa sababu serikali ilihamia hapa, wizara zikaja, chuo kikuu kikafunguliwa. Huenda yote ni kweli. Lakini jedwali halisemi hivyo, na kazi yako ni kuripoti jedwali. Sababu zako hazikuongezei alama, zinakula maneno na dakika, na zinaonyesha kwamba hukufuata maelekezo. Mazoea haya yana chanzo: kwenye jiografia ya sekondari tumezoea kuchora grafu, kisha kuulizwa faida na hasara zake, kisha sababu za kupanda na kushuka. IELTS inaishia kwenye kinachoonekana.

Michoro ya hatua nayo ina mtego huohuo. Ukiwekewa mchoro wa kutengeneza mvinyo, usiingize kwamba zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, wala kwamba mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda, kama mchoro hauonyeshi. Andika kilichochorwa, hatua kwa hatua, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, na kwenye muhtasari taja kwa ujumla mchakato unaanzia wapi na unaishia wapi.

“Maneno makali ndiyo yanayopandisha bendi”

Kuna orodha zinazozunguka kwenye simu: “skyrocketed”, “plummeted”, “dramatically”. Kosa ni kulibandika neno kabla ya kupima mabadiliko. Kitu kikitoka asilimia 41 hadi 44, hakijaruka angani. “Rose slightly” ndilo jibu sahihi, na usahihi ndio unaohesabiwa kwenye msamiati. Maneno machache unayoyamudu yanatosha: kupanda, kushuka, kubaki palepale, kuyumba, kufikia kilele, kila moja kwa namna mbili, kama kitenzi na kama nomino.

Penye hatari zaidi ni vile vihusishi vidogo. “Rose by 1.0 million” ni ukubwa wa ongezeko. “Rose to 3.1 million” ni pale lilipofikia. “A rise of 1.0 million” ni nomino, na hudai “of”. Ukiandika kwamba Dodoma “rose by 3.1 million” umeipa watu ambao haina, na kosa hilo linahesabika kama taarifa isiyo sahihi, si sarufi peke yake. Pia “million” haichukui “s” ikitanguliwa na namba: “3.1 million people”.

Angalia na kiima cha sentensi. “Dodoma was higher than Singida” ni sentensi inayoandikwa kila siku, na kwa jinsi ilivyo ni uongo: Dodoma mjini ipo takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Singida mjini ipo karibu 1,500. Kilichokuwa kikubwa zaidi ni idadi ya watu, kwa hiyo lazima itajwe: “the population of Dodoma was larger than that of Singida”. Hilo “that of” dogo huwaponyoka wengi.

“Asilimia ni asilimia”

Tuseme grafu inaonyesha kaya zenye umeme zilitoka asilimia 20 zikafika 30. Mtahiniwa anaandika “increased by 10%”. Ukikokotoa, asilimia 10 ya 20 ni 2, kwa hiyo amesema zilifika 22. Tofauti kati ya asilimia mbili hupimwa kwa pointi za asilimia: “increased by 10 percentage points”. Ukitaka kusema kwa uwiano, zimeongezeka kwa nusu. Njia rahisi ya kukwepa shida yote ni “increased from 20% to 30%”, na hakuna atakayekulaumu.

Kosa linalofanana nalo lipo kwenye chati duara. Kipande kikikua kutoka asilimia 20 hadi 30, haina maana idadi yenyewe imeongezeka. Jumla inaweza kuwa imepungua. Sema sehemu imekua, yaani “the share” au “the proportion”, usiseme idadi.

“Utangulizi ni kunakili swali”

Maneno uliyoyanakili kutoka kwenye swali hayahesabiwi katika kupima Kiingereza chako. Sentensi moja inatosha, ya kusema mchoro unaonyesha nini, wapi na lini, kwa maneno yako. Na grafu huonyesha, “shows”. “The graph talks about” ni ya kwenye maongezi.

“Ukiandika mengi unaongeza nafasi”

Chini ya 150 ni hatari. Juu ya 200 mara nyingi ni hasara, kwa sababu dakika unazochota ni za insha yenye uzito mara mbili. Maneno 170 hadi 190 yanatosha kwa utangulizi, muhtasari na aya mbili. Anayefanya kwenye kompyuta anaoneshwa idadi ya maneno. Wa karatasi ajifunze mapema mwandiko wake hutoa maneno mangapi kwa mstari.

Katika zile dakika 20, dakika 4 za mwanzo usiandike jibu. Soma kichwa, vipimo vya kila mhimili, miaka na ufunguo wa rangi. Waliokosa kuona kwamba namba zipo kwa maelfu au mamilioni wamewahi kuandika kwamba mkoa mzima una watu watatu. Angalia pia kama mhimili wa wima unaanzia sifuri: ukianzia 80, tofauti ndogo huonekana kubwa. Zungushia duara mambo matatu au manne makuu, yagawe makundi mawili ya aya, ndipo uandike. Dakika 3 za mwisho ni za kukagua namba zako moja moja dhidi ya mchoro, na “a” na “the”, ambazo Kiswahili hakina na kwa hiyo hudondoka bila mwandishi kugundua.

“Grafu huandikwa kwa wakati uliopita”

Inategemea tarehe. Miaka iliyopita, wakati uliopita. Makadirio ya mbele huandikwa “is projected to reach” au “is expected to fall”, si “will” tupu. Mchoro wa hatua hutumia wakati uliopo na kauli ya kutendwa: “the grapes are harvested and crushed”. Mchoro usio na tarehe, wakati uliopo.

“Mtihani wowote wa Kiingereza una grafu”

Hapana. IELTS ya General Training, ambayo wengi huifanya kwa ajili ya kazi au kuhamia nje, ina barua mahali pa grafu. Hakikisha unajua chuo au ubalozi unataka ipi kabla ya kulipia.

“Bila vitabu vya kununua huwezi kufanya mazoezi”

Ofisi ya Taifa ya Takwimu, yenye makao makuu hapahapa Dodoma, huchapisha ripoti za sensa zenye majedwali na michoro kwa Kiingereza, na zinapatikana bure mtandaoni. Mapitio ya uchumi ya kila mwezi ya Benki Kuu ya Tanzania nayo yamejaa grafu za mistari na za nguzo, kila moja ikiwa na aya ya maelezo pembeni. Ifunike aya hiyo, iandike grafu kwa dakika 20, kisha ifunue ulinganishe. Utajifunza mengi kuhusu “by”, “to” na “from”. Ila wachumi wa Benki Kuu hueleza pia kwa nini bei zilipanda au kushuka. Sentensi hizo ziruke, ukopi namna wanavyoeleza mwendo wa namba tu.