Faragha si siri

Anayefunga akaunti yake ya Gmail na kuhamia kwingine hakosi kuulizwa, "Kwani unaficha nini?" Naye huanza kujitetea kwamba hana siri yoyote. Mwulizaji anasema siri, mjibuji anasema siri, na hakuna aliyehama kwa ajili ya siri. Aliyehama alitafuta faragha.

Faragha ni mtu kuachiwa nafasi yake na kuamua mwenyewe nani aingie humo. Basi.

Utamu uko kwenye asili ya maneno yenyewe. Yote mawili tumeyapata kwenye Kiarabu. Siri ni sirr, jambo lililofichwa. Faragha inatoka kwenye mzizi unaozaa farāgh, yaani utupu: chombo kisicho na kitu, nafasi isiyokaliwa, muda usio na shughuli. Mtu akikuvuta kando mbele ya umati akasema "tuzungumze faragha", hafichi kitu: watu wanawaona na wanajua mnazungumza. Anachoomba ni eneo tupu kuwazunguka nyinyi wawili. Siri, kinyume chake, lazima iwe na anayeijua. Si tunasema siri ya mtungi aijuaye kata?

Sasa tazama WhatsApp. Tangu Aprili 2016 ujumbe wake hufungwa kwa usimbaji fiche, yaani hugeuzwa kuwa msimbo usiosomeka, tangu simu ya mtumaji hadi ya mpokeaji, na kampuni haiwezi kuusoma. Siri ipo, tena imara. Lakini kata bado imo mtungini: kampuni inaweza kujua unawasiliana na nani, saa ngapi, kwa simu ya aina gani. Na kufuli lenyewe, yaani usimbaji huo, WhatsApp ililipata kwa Signal, programu nyingine ya ujumbe. Mwaka huo huo wa 2016, Signal ilipelekewa amri ya mahakama kutoka Virginia, Marekani, itoe taarifa za mtumiaji. Ilitoa mbili: siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipounganishwa mara ya mwisho. Haikukaidi wala haikuficha. Droo ilikuwa tupu. Hiyo ndiyo faragha kwa maana yake ya asili kabisa, na kufuli ni lile lile.

Kuna waliokimbilia Telegram Januari 2021, WhatsApp ilipotangaza masharti mapya, wakidhani wanakwenda penye ulinzi zaidi. Mazungumzo ya kawaida ya Telegram hukaa kwenye seva za kampuni, na funguo anazo kampuni. Yale yanayofungwa tangu mwanzo hadi mwisho ni "mazungumzo ya siri" tu, ambayo lazima uyafungue mwenyewe. (Hata "hali fiche" ya kivinjari cha Chrome inapotosha kwa jina lake. Inamficha historia yako atakayeshika kompyuta baada yako. Tovuti unayoitembelea inakuona kama kawaida.)

Mwaka 2021 pia Proton, kampuni ya barua pepe ya Uswisi, iliamriwa kisheria kurekodi anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti) ya mwanaharakati wa Ufaransa, ikairekodi na kuikabidhi. Watu walipiga kelele kwamba siri zimevuja. Hazikuvuja, barua zilibaki zimefungwa. Kilichopungua ni faragha: pale palipokuwa patupu, amri iliweka kitu. Kelele zilikuwa halali, ila neno lilikosewa, na anayekosea neno hapa anaishia kumlaumu mtengeneza kufuli wakati tatizo liko kwenye droo.

Kwa hiyo wewe unayetangaza kwamba umehamia "programu za siri", hongera kwa kuhama. Ila hapo kwenye "siri" andika "faragha", na kabla ya kusifia kufuli la hao wapya, fungua ule ukurasa wa masharti ambao huwa tunaupita mbio, uone wanaweka nini na kwa muda gani.