Je, wajua? Mtoto wa pomboo hapewi jina na mamake

Watu wa Nairobi wanaoteremka hadi Shimoni na kupanda boti kwenda hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti huwa wameshasikia kwamba kila pomboo ana jina, na kwamba mama ndiye humpa. Nusu ya kwanza ina ukweli. Mwaka 1965 watafiti Melba na David Caldwell walieleza kuwa kila pomboo ana mluzi wake wa pekee, unaomtambulisha kama jina.

Nusu ya pili ndiyo inayopotosha. Mtoto hujitungia mluzi mwenyewe, kwa kawaida kabla ya kutimiza mwaka. Hakuna zamu ya kurithi jina la nyanya wala la babu. Ni kweli kwamba haanzi bila chochote: huko Sarasota, Florida, ambako pomboo wenye pua kama chupa wamefuatiliwa tangu 1970, madume kadhaa wana miluzi inayofanana na ya mama zao. Lakini wapo watoto ambao miluzi yao inakaribia ya pomboo wasiokutana nao mara kwa mara. Wanaokota wanakotaka.

Kwa nini basi wasitambuane kwa sauti tu, kama sisi kwenye simu? Pomboo hapigi mluzi kwa mdomo. Sauti hutoka kwenye njia za hewa chini ya tundu la utosini. Akizama, maji huibana hewa hiyo, na sauti inaweza kubadilika. Kisichobadilika ni tuni: inavyopanda, inavyoshuka, inapojirudia. Ni kama honi ya matatu ya Rongai. Spika iwe mpya au imepasuka, abiria aliye kwenye steji anajua ni gari gani kabla halijakata kona.

Hilo lilijaribiwa. Mwaka 2006 mtafiti Vincent Janik na wenzake walichapisha matokeo ya miluzi iliyoundwa kwa kompyuta, tuni ikibaki, sauti ya mwenyewe ikiondolewa. Wengi wa pomboo waligeukia zaidi spika iliyopiga mluzi wa ndugu yao. Mwaka 2013, kwenye bahari ya Scotland, pomboo waliochezewa nakala ya mluzi wao wenyewe waliitika. Mwaka huohuo mtafiti Jason Bruck alionyesha kwamba pomboo wa kufugwa huukumbuka mluzi wa mwenzao hata baada ya miaka 20.

Hata hivyo, kumwita aliye karibu si sawa na kumzungumzia asiyekuwepo. Kwamba pomboo husengenyana, bado hakuna aliyethibitisha.