Bamia, baridi na magoti: dhana potofu kuhusu maumivu sugu ya viungo

Ukilalamikia goti sokoni Kiborloni, mjini Moshi, hutaondoka bila ushauri: kula bamia, kunywa supu ya makongoro, kaa ndani usipigwe baridi, pumzika. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema. Shida yake ni kwamba sehemu kubwa humkalisha chini mtu ambaye kiungo chake kinaishi kwa kusogezwa.

Dhana: Bamia na makongoro huongeza ute wa goti

Ute wa bamia na ute wa goti vinafanana kwa utelezi tu. Ule wa bamia ni nyuzinyuzi. Hupita utumboni na hauna njia ya kufika gotini. Makongoro nayo humeng'enywa kama protini nyingine yoyote. Ute wa kiungo hutengenezwa na utando mwembamba unaokizunguka kiungo kwa ndani.

Kwa watu wengi waliovuka miaka 50 tatizo si ute kukauka. Ni gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, kulika, huku misuli inayolishika goti ikidhoofu. Gegedu haina mishipa ya damu. Ukikanyaga hubanwa, ukiinua mguu hufyonza ute mpya, na ndani ya ute huo ndimo chakula chake kilimo. Mtu asiyetembea hulinyima goti lake chakula, hata akila bamia kila siku. Bamia ni mboga nzuri, endelea nayo. Supu yenye mafuta yanayoelea kila asubuhi ndiyo ya kupunguza, kwa sababu ya uzito.

Na uzito una hesabu yake. Kila kilo 1 unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kama kilo 4 katika kila hatua. Mama wa kilo 84 akishuka hadi 78, goti lake limetuliwa kilo 24 kwa hatua moja, na kutoka nyumbani hadi barabarani na kurudi ni hatua elfu kadhaa. Pa kuanzia ni kikombe cha chai: vijiko 3 vya sukari mara vikombe 4 kwa siku ni vijiko 12, karibu gramu 50, kabla hujahesabu soda wala maandazi.

Dhana: Goti linalouma lipumzishwe

Siku moja au mbili likiwa limevimba, sawa. Wiki nzima, hapana. Misuli ya mbele ya paja hunywea upesi, na ikinywea, mfupa ndio unaopokea kishindo chote. Fanya haya siku 3 kwa wiki:

Kunja taulo au kanga, iweke chini ya goti ukiwa umenyoosha mguu. Likandamize goti chini hadi paja likaze, hesabu hadi 5, legeza. Rudia mara 10 kila mguu.

Kisha kuinuka kitini. Egemeza kiti ukutani kisiteleze, tenganisha miguu kwa upana wa mabega, inamisha kifua mbele, simama bila kushika kitu. Keti polepole ukihesabu hadi 3. Mara 8 hadi 10, pumzika, rudia mzunguko mmoja. Ukishindwa, weka blanketi lililokunjwa juu ya kiti ili kiwe kirefu zaidi, au jisaidie kwa mikono wiki za mwanzo. Wengi hukosea mahali pawili: magoti huachwa yagongane kwa ndani, na mwisho mtu hujiachia akaanguka kitini kama gunia. Ule ushukaji wa polepole ndio unaojenga misuli.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi si hatari. Kipimo ni kesho yake: kama yamezidi na hayajatulia ndani ya saa 24, punguza idadi kwa nusu, usiache. Nguvu huanza kuonekana baada ya wiki 6 hadi 8, na wengi hukata tamaa wiki ya tatu.

Kwa wanaoishi Kibosho, Machame au Old Moshi, kuteremka mlima hulibana goti kuliko kupanda. Teremka kwa hatua fupi. Mzigo wa majani ya ng'ombe ugawe mara mbili, na kandambili zilizolika soli ziishie nyumbani, hasa wakati wa masika. Jikoni acha kigoda cha chini. Pikia juu ya meza, au kaa kwenye kiti ambacho magoti hayapiti kiuno.

Dhana: Mkongojo hushikwa upande wa goti bovu

Ni kinyume. Goti la kulia likiuma, shika mkongojo mkono wa kushoto, utoke pamoja na mguu unaouma. Urefu: ukisimama na viatu, mkono ukining'inia, kichwa cha mkongojo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Fungia kipande cha mpira wa tairi chini. Kwenye ngazi, mguu usiouma hutangulia kupanda, unaouma hutangulia kushuka.

Dhana: Kila kiungo kinachouma ni gauti, acha nyama na maharage

Gauti huja ghafla, mara nyingi usiku, na hupenda kidole gumba cha mguu: chekundu, cha moto, hata shuka halivumiliki. Goti linalouma taratibu kwa miaka kwa kawaida si gauti. Aliye nayo kweli apunguze maini, figo, dagaa, nyama nyekundu, soda na pombe. Bia ni mbaya zaidi, lakini pombe ya aina yoyote mbege ikiwamo, huzuia figo kutoa asidi ya yuriki, ile taka ya damu ambayo ikizidi huleta gauti. Maharage hayana hatia. Maziwa nayo hayana, wala kahawa, bahati njema kwa watu wa Kilimanjaro. Jueni pia kwamba kipimo cha asidi ya yuriki kwenye damu kinaweza kuonyesha kawaida katikati ya shambulio. Kirudiwe baada ya wiki 2 au zaidi.

Dhana: Baridi ndiyo inayoleta baridi yabisi

Jina lenyewe limepotosha watu wengi. Baridi ya Juni na Julai hukaza viungo na kuzidisha maumivu, lakini haili gegedu. Taulo la maji ya moto kwa dakika 15 hadi 20 asubuhi husaidia. Baridi yabisi yenyewe ni kinga ya mwili kushambulia viungo: vidole vya mikono yote miwili huvimba, na asubuhi hukaza kwa zaidi ya nusu saa. Hiyo isisubiri kiangazi. Zipo dawa za kuizuia isiharibu viungo, na hufaa zaidi zikianza mapema.

Dhana: Maji yakichemshwa hayana neno

Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi floridi, madini yaliyomo majini ambayo yakizidi hudhuru viungo na meno. Maji yanavyopungua sufuriani ndivyo inavyokolea. Miteremko ya Mlima Meru, kata za Maji ya Chai na Ngarenanyuki zikiwamo, ina vyanzo vilivyopita kwa mbali miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Kunywa maji hayo miaka mingi kunaweza kukaza mgongo na viungo. Meno ya kahawia kwa waliokulia hapo ni dalili ya kwanza. Kinga maji ya mvua ya kunywa na kupikia, au tumia chujio la mkaa wa mifupa, aina iliyofanyiwa kazi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Mkaa hushiba, lazima ubadilishwe. Na makande yaloweke usiku kucha badala ya kuyatia magadi, kwani magadi nayo hubeba floridi.

Dhana: Dawa ya duka la dawa haina madhara

Diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu, ni ndugu. Kuzimeza pamoja huongeza vidonda vya tumbo na mzigo wa figo, si nafuu. Mwenye presha, kisukari au figo dhaifu aulize kwanza. Jeli ya kupaka gotini ni salama zaidi. Unga wa mitishamba unaomaliza maumivu kwa usiku mmoja uogope: baadhi hutiwa steroidi kwa siri, na uso huanza kuvimba kabla hujajua.

Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto, ukiwa na homa, nenda hospitali ya KCMC, Mawenzi au Mount Meru siku hiyohiyo. Usaha ndani ya kiungo huharibu gegedu kwa siku chache tu.