Protini zinazopindua lipidi katika seli za hamira: dhana potofu na ukweli

Mafunzo mengi kuhusu usafirishaji ndani ya seli ya hamira huonyesha kifuko kidogo kikichomoza kwenye kifaa cha Golgi (sehemu ya seli inayopanga na kutuma protini na lipidi), kikijitenga, kikisafiri na hatimaye kuungana na utando mwingine. Picha hiyo si ya uongo, ila haionyeshi flipasi, yaani protini za utando zinazohamisha lipidi kutoka tabaka moja la utando hadi la pili, na kutokana na pengo hilo zimezuka dhana ambazo hazilingani na yanayojulikana maabara.

"Lipidi huvuka zenyewe, hazihitaji msaada."

Fosfolipidi, yaani lipidi kuu zinazounda utando, huteleza kwa kasi sana ndani ya tabaka lake, na huenda hapo ndipo dhana hii ilipoanzia. Kuvuka kwenda tabaka la pili ni suala jingine kabisa. Kichwa cha fosfolipidi hupenda maji, ilhali katikati ya utando kuna mikia ya mafuta isiyopatana na maji, hivyo safari hiyo ikiachwa bila msaada huchukua saa nyingi, hata siku. Flipasi za kundi la P4 hutumia nishati ya ATP kuipitisha lipidi hadi upande unaotazama saitoplazimu, yaani ujiuji uliojaa ndani ya seli. Hamira ya Saccharomyces cerevisiae inazo tano: Drs2, Neo1, Dnf1, Dnf2 na Dnf3.

"Flipasi ni tundu ambalo lipidi hupita."

Hapana. Hizi ni pampu, tena ni ndugu wa pampu ya sodiamu na potasiamu iliyomo katika seli za wanyama, na kila moja huchagua lipidi inayoibeba. Drs2 hupendelea fosfatidilserini, ilhali Dnf1 na Dnf2 hubeba zaidi fosfatidilkolini (zote mbili ni aina za fosfolipidi) na lipidi zilizopoteza mkia mmoja.

"Klathrini pekee inatosha kuupinda utando."

Klathrini ni protini inayounda koti juu ya kifuko kinachochipuka. Dhana hii ndiyo iliyoenea zaidi, na hata wanaoijua biolojia ya seli huirudia. Chukua kifuko chenye kipenyo cha nanomita 60 na utando wenye unene wa nanomita 4. Nusu kipenyo cha uso wa nje ni nanomita 30, na cha uso wa ndani ni 26. Ukikokotoa maeneo yake utaona kwamba uso wa nje ni mkubwa kuliko wa ndani kwa takriban theluthi moja. Lipidi za kuujaza uso huo lazima zitoke mahali fulani. Drs2, iliyomo kwenye Golgi, inapohamishia lipidi upande wa saitoplazimu, upande huo hujaa kuliko mwenzake na utando huelekea kubinuka kuufuata, yaani kule kule kifuko kinakochipukia. Klathrini bado ina kazi yake, lakini inaukuta utando ambao tayari unapindika kwa urahisi.

Hata hivyo, si suala la umbo tu. Fosfatidilserini ina chaji hasi, na chaji hiyo ikiungana na mpindo huvutia protini kama Gcs1, ambayo hudhibiti Arf, protini inayofanya kazi kama swichi katika uundaji wa vifuko. Jaribio ninaloliona la kuvutia kuliko yote ni lile la Dnf1 iliyobadilishwa asidi amino moja tu, ya nafasi ya 550, ikaanza kubeba fosfatidilserini: katika seli zisizo na Drs2, Dnf1 hiyo iliweza kurejesha usafirishaji kati ya Golgi na endosomu za awali, vyumba vidogo vinavyopokea na kupanga shehena ndani ya seli. Kwa hiyo kinachohitajika hapo ni tendo lenyewe la kupindua lipidi hiyo, wala si kuwepo tu kwa protini iitwayo Drs2.

"Seli ikiishi bila Drs2, basi Drs2 haina umuhimu."

Seli zilizoondolewa jeni ya DRS2 hukua katika nyuzijoto 30, lakini zikipelekwa kwenye 20 au chini ya hapo huacha kukua. Katika joto la kawaida pengo huzibwa kwa sehemu na jamaa zake, kwani ukiziondoa Drs2, Dnf1, Dnf2 na Dnf3 kwa pamoja, seli hufa. Neo1 haina wa kuiokoa: kuiondoa peke yake kunatosha kuua.

"Flipasi hufanya kazi peke yake."

Drs2 hushirikiana na protini nyingine, Cdc50, na isipoipata hukwama kwenye retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa utando ambamo protini hutengenezwa, isifike Golgi kamwe. Dnf1 na Dnf2 hutegemea Lem3, na Dnf3 hutegemea Crf1. Ni Neo1 tu, kati ya hizo tano, isiyo na mshirika wa aina hiyo.