Njiti moja ya kiberiti inatosha kukuambia tairi la pikipiki limekwisha

Mwezi wa kumi, kabla vuli haijachanganya, nilikuwa kwenye kijiwe kimoja cha bodaboda pale Tabata, Dar es Salaam, na wanafunzi wangu wawili. Mimi ni mkufunzi wa ufundi wa pikipiki katika chuo kimoja hapa jijini, na mvua zikikaribia huwa tunazunguka vijiweni kukagua matairi, bure, kwa anayetaka. Nikainama nyuma ya pikipiki ya kijana mmoja, nikatoa njiti ya kiberiti, nikavunja kipande, nikakilaza ndani ya mfereji wa katikati ya tairi. Kikabaki juu juu, kama mtumbwi uliokwamishwa na maji kupwa.

"Hili limekwisha," nikamwambia.

"Ah, mwalimu, hii bado sana. Nyuzi hazijatoka."

Jibu hilo nalisikia kuanzia Mbagala mpaka Tegeta, na kwa wenye pikipiki zao binafsi vilevile. Kwa madereva wengi, nyuzi ndiyo kengele: zikichungulia, tairi linabadilishwa. Sasa nyuzi zile ni mifupa ya tairi. Ndizo zinazobeba mzigo na kuuzuia upepo usipasue mpira. Ukiziona, ujue umekwisha kula nyama yote na sasa unatafuna mfupa, huku ukiwa na abiria nyuma kwenye spidi hamsini.

Njiti ya kiberiti ina unene wa karibu milimita 2. Vitabu vingi vya pikipiki hizi ndogo tunazotumia huagiza tairi la nyuma libadilishwe mifereji ikibaki na kina cha milimita 2, na la mbele ikibaki milimita 1.5. Kwa hiyo kipande cha njiti kikilala kwenye mfereji wa tairi la nyuma na kikawa sawa na mpira, au kikachomoza, kazi imekwisha. Pima katikati ya tairi, kwa sababu ndiko kunakolika zaidi, na pima sehemu tatu tofauti kwa kulizungusha gurudumu. Sehemu yenye hali mbaya kuliko zote ndiyo inayohesabika.

Watengenezaji nao wameweka alama yao. Ubavuni mwa tairi tafuta herufi TWI au kipembe kidogo kama mshale, kisha fuata mstari huo hadi ndani ya mfereji. Utakuta kinundu cha mpira kimekatiza chini. Uso wa tairi ukishuka ukawa sawa na kinundu, hakuna mjadala tena. Ila angalia: kwa matairi mengi ya pikipiki kinundu hicho kina kimo cha milimita 0.8 tu, nusu ya kile cha magari. Ukikisubiri hicho umeshapitiliza kiwango cha kitabu chako mwenyewe. Ndiyo maana mimi huiamini njiti zaidi.

Kwa nini kipara hudanganya

Hapa ndipo watu wengi hupotea, tena kwa sababu inayoeleweka. Kwenye lami kavu tairi kipara hushika vizuri tu. Pikipiki za mashindano hutumia matairi yasiyo na meno kabisa siku ya jua. Basi dereva wa Dar es Salaam anaendesha mwezi wa sita, wa saba, wa nane, lami kavu, tairi linaisha polepole na yeye haoni tofauti yoyote. Breki zinashika, kona zinakubali. Anajiambia matairi ni biashara ya wauza spea.

Meno yale yapo kwa ajili ya maji. Sehemu ya tairi inayogusa barabara kwa wakati mmoja haizidi kiganja chako. Lami ikilowa, kiganja hicho kinatakiwa kiyasukume maji pembeni kabla mpira haujaigusa lami, na mifereji ndiyo njia ya maji kutokea. Mfereji ukiwa umekwisha, maji hayana pa kwenda, yanabaki kati ya mpira na barabara kama mafuta kwenye kikaango.

Na wala usingoje mvua kubwa. Manyunyu ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mabaya kuliko yote, kwa sababu vumbi, mafuta yaliyodondoka kwenye malori na masalia ya mipira ya miezi mitatu huchanganyika na maji kidogo yasiyotosha kuosha. Mvua ikinyesha kwa nguvu nusu saa, lami inasafishika. Dakika kumi za mwanzo ni sabuni.

Mwenyewe niliwahi kulala Jangwani. Ni miaka mingi sasa, asubuhi ya manyunyu, wala haikuwa mvua ya kusimulia. Tairi langu la nyuma lilikuwa kipara, na fundi ni mimi. Nilikuwa nyuma ya daladala, nikakanyaga breki ya nyuma kama nilivyoikanyaga siku zote, na mkia wa pikipiki ukanipita kushoto. Niliumia goti, suruali ikachanika. Kilichobaki kichwani mwangu ni kwamba hapakuwa na onyo lolote. Hakuna mlio wala mtikisiko. Ulikuwa umekaa, sasa umelala.

Yasiyopimwa kwa njiti

Tairi linaweza kuwa na meno marefu na bado likawa la kutupa. La mbele hasa. Halivuti mzigo, kwa hiyo huisha polepole kuliko la nyuma, na nimekutana na pikipiki ambazo tairi la mbele limeshuhudia matairi manne ya nyuma yakija na kuondoka. Meno yapo, lakini mpira umekuwa mgumu kama kandambili iliyosahaulika juani. Na ukifunga breki sehemu kubwa ya uzito husogea mbele, yaani tairi hilohilo unalolidharau ndilo linalokusimamisha. La nyuma likiteleza bado una nafasi ya kuokoa. La mbele likiteleza mara nyingi unajikuta chini kabla hujajua.

Umri wa tairi umeandikwa ubavuni. Tafuta herufi DOT na mstari wa herufi na namba unaofuata. Tarakimu nne za mwisho ndizo tarehe. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ushauri wa kawaida wa watengenezaji ni kwamba tairi likipita miaka 5 likaguliwe na mtu anayejua angalau mara moja kwa mwaka, na likifika 10 litolewe hata kama linang'aa. Kwa jua letu mimi sisubiri hiyo kumi. Miale ya jua, joto na hewa vinakausha mpira, na vipasuko vidogo huanza kujitokeza ubavuni na kwenye mashina ya meno. Kunja kidogo ubavu kwa vidole uone: vikifunguka kama midomo, tairi limekufa.

Uvimbe ubavuni, hata mdogo kama punje ya harage, unamaanisha nyuzi zimekatika ndani. Hilo halina matibabu. Shimo la barabarani, ukingo wa barabara ya mwendokasi, chuma kilichochomoza kwenye tuta, vyote huuleta. Hapo usikubali kuwekewa kipande cha tairi kuukuu kwa ndani "kisukume sukume".

Halafu kuna ubapa. Barabara zetu ndefu, ya Morogoro, ya Kilwa, ya Bagamoyo, hazina kona nyingi, kwa hiyo tairi huliwa katikati tu mpaka linakuwa bapa kama la gari. Utalijua ukiingia kona: pikipiki inakataa kulala, halafu ghafla inalala yote. Wengi hudhani ni shokomzoba au beringi za usukani, wanatumia hela gereji bure.

Upepo na mshikaki

Tairi linaloisha mabegani kabla ya katikati lina upepo mdogo. Linaloisha katikati haraka kupita kawaida huenda limejazwa kupita kiasi. Pikipiki nyingi za CC 100 hadi 150 huandikiwa upepo kama psi 25 mbele, na nyuma 28 hadi 32 au zaidi kidogo kutegemea kama una abiria. Namba kamili ipo kwenye kitabu au kwenye kibandiko cha kifuniko cha mnyororo au swingamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Pima asubuhi kabla hujatembea, tairi likiwa baridi, na upime kwa geji. Namheshimu fundi pancha, lakini kidole gumba chake si geji.

Sasa tufanye hesabu ya mshikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja. Tairi la 3.00-18 la kawaida, ambalo upana wake ni inchi 3 na rimu yake ni inchi 18, mara nyingi limeandikwa 47P au 52P. Namba 47 ni uzito wa kilo 175 ambao tairi hilo moja linaruhusiwa kubeba. 52 ni kilo 200. Chukua pikipiki yenye kilo 115, dereva wa kilo 70 na abiria mmoja wa kilo 70: jumla 255. Theluthi mbili zikikaa nyuma ni kilo 170. Tairi la 47 linabeba, kwa shida. Ongeza abiria wa pili: jumla inakuwa 325, na theluthi mbili zake ni karibu 217. Hata tairi la 52 limezidiwa, na hapo sijahesabu kiroba cha unga kilichowekwa kwenye tangi. Tairi lililozidiwa hujipinda ubavuni kila mzunguko, joto linapanda, mpira unalika kwa kasi na nyuzi zinaanza kuachana. Anayebeba mishikaki kila siku asishangae tairi lake kuisha mapema kuliko la mwenzake wa kijiwe kilekile.

Dukani na kwa fundi

Ukienda Kariakoo kununua, soma tarehe kabla ya bei. Tairi lililoning'inizwa nje ya duka juani likapakwa dawa ya kung'arisha linaweza kuwa na miaka minne na likaonekana la jana. Linganisha saizi na namba ya mzigo na zile zilizoandikwa kwenye kitabu, na usishuke chini yake kwa kuwa ya chini ni nafuu.

Tairi la kuchonga usilinunue. Kuna mafundi hodari wanaochukua kipara wakachora mifereji upya kwa kisu cha moto, na ukiliona kwa mbali utalisifu. Mpira walioukata ndio ule mwembamba uliobaki juu ya nyuzi. Umelipa mtu akupunguzie tairi. Kuhamisha kuukuu la nyuma lije mbele ni kosa la namna hiyohiyo: maumbo yao hayafanani, na kazi zao hazifanani.

Badilisha na tyubu pamoja na tairi. Tyubu ya zamani imeshatanuka, ndani ya tairi jipya inajikunja, na mkunjo ndio pancha ya wiki ijayo. Mshale wa ubavuni uelekee upande ambao gurudumu linazungukia. Fundi akishajaza upepo, tazama mstari mwembamba unaozunguka tairi karibu na rimu: uwe na umbali sawa pande zote, la sivyo tairi halijakaa na utalisikia likikurusha. Kabla hujalipa, hakikisha mnyororo umenyooka na ekseli imekazwa. Baada ya hapo, kilomita 150 hivi za mwanzo nenda taratibu, hasa kwenye kona, maana tairi jipya lina utelezi wa kiwandani unaohitaji kulika kwanza.

Nani alipe

Hili ndilo gumu, na mafunzo mengi hulikwepa. Mwenye pikipiki ya mkataba, anayeilipia kidogo kidogo mpaka iwe yake, anajua tairi ni lake, analisogeza mbele kadiri anavyoweza. Anayeendesha kwa hesabu ya siku, yaani anayempelekea mwenye pikipiki fedha kila siku, anamwambia tajiri huyo, tajiri anasema subiri mwisho wa mwezi. Wote wawili hawaoni kwamba tairi likiwa jembamba kila msumari na kila kipande cha chupa kinafika kwenye tyubu. Andika pancha za wiki zako tatu za mwisho kabla ya kubadilisha tairi, na muda uliokaa kwa fundi bila abiria, kisha mpelekee tajiri hiyo karatasi. Hesabu anaielewa kuliko hotuba ya usalama. Na kama haielewi, mkumbushe kwamba Sheria ya Usalama Barabarani haimruhusu mtu kukitembeza barabarani chombo kibovu, na askari akikisimamisha na kukizuia hakuna hesabu ya siku hiyo wala ya kesho yake.

Yule kijana wa Tabata nilimwachia kile kipande cha njiti. Akakilaza mwenyewe kwenye tairi, akakitazama, akahamia sehemu nyingine, akakilaza tena. Kisha akatoa simu akampigia tajiri wake, akaweka sauti juu ili tusikie.

"Bosi, shikamoo. Tairi la nyuma limekwisha."

"Marahaba. Nyuzi zimetoka?"

Akanitazama. Nikamwomba anipe simu.