Chai ya mitishamba na kizazi: maswali yanayoulizwa sana

Ni kweli kuna chai inayosafisha kizazi?

Hakuna. Utando wa ndani ya kizazi hubanduka na kutoka wenyewe kila hedhi. Chai ukishaimeza inakwenda tumboni, viambato vyake vinafyonzwa kwenye utumbo, vinapita kwenye ini na kuingia kwenye damu. Haifiki kizazini ikaosha chochote. Ute wa ukeni ulio mweupe au unaovutika na usio na harufu ni wa kawaida. Ukinuka vibaya, ukawa wa kijani au ukaleta muwasho, nenda kapimwe maambukizi.

Na kuzibua mirija je?

Hapa ndipo watu wanapoteza muda na pesa. Mirija mara nyingi huziba kwa makovu yaliyoachwa na maambukizi kama klamidia na kisonono, na kovu haliyeyushwi na chai. Kinachojulisha kama mirija iko wazi ni vipimo, kwa mfano picha ya eksirei inayopigwa huku dawa maalumu ikipitishwa kwenye mlango wa kizazi. Kama mmetafuta mtoto mwaka mzima bila mafanikio, kapimweni wote wawili, mume pia. Mwanamke akiwa na miaka 35 au zaidi, msingoje kupita miezi 6.

Basi hazina faida yoyote?

Zipo zenye faida. Tangawizi imeonekana kupunguza maumivu ya hedhi, ila majaribio mengi yalitumia unga wake, kati ya miligramu 750 na 2,000 kwa siku, siku za mwanzo za hedhi. Kikombe cha chai hakina kipimo cha uhakika namna hiyo, lakini kujaribu si vibaya. Maumivu yanayokulaza kitandani kila mwezi ni ya kupeleka kwa daktari. Huenda ni endometriosisi (tishu kama za utando wa kizazi kuota nje ya kizazi) au uvimbe kwenye kizazi.

Natumia vidonge vya uzazi wa mpango. Ninywe tu?

Soma pakiti kwanza. Ukiona St. John's wort, mmea unaotumiwa kutuliza sonona, achana nayo: inaharakisha ini kuvunja homoni, na unaweza kushika mimba ukiwa unameza vidonge vizuri kabisa. Hata kipandikizi kinaathirika. Chai za kupunguza tumbo nazo mara nyingi huwa na sanamaki, mmea unaoharisha. Ukiharisha sana, kidonge kinaweza kupita bila kufyonzwa.

Nina hedhi nzito na damu yangu iko chini.

Usinywe chai pamoja na chakula. Wengi wanadhani ni majani ya chai tu yanayozuia mwili kufyonza madini ya chuma, ambayo unayahitaji kutengeneza damu, kumbe mnanaa nao unazuia karibu sawa. Acha ipite saa moja au mbili baada ya kula.

Nikiwa mjamzito?

Tangawizi kidogo kwa kichefuchefu haina shida kwa wengi. Michanganyiko isiyotaja kilichomo, na hasa dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu, usiguse: baadhi hukaza kizazi kwa nguvu kiasi cha kumkosesha mtoto hewa au kukipasua. Kama umeshakunywa, mwambie mkunga mapema. Anahitaji kujua ili akuhudumie ipasavyo.