Kwa nini California inawataka madalali wa data wakufute kila baada ya siku 45?

Dalali wa nyumba unamjua: umempigia simu, mmezunguka naye juani, umempa chake. Dalali wa data hujawahi kumtia machoni. Hununua habari zako kwa wenye programu za simu, kwa maduka, nyingine huzichota kwenye kumbukumbu za serikali, akaziunganisha na kuziuza.

Sheria ya faragha ya California, iliyoanza kazi 2020, iliwapa wakazi haki ya kuidai kampuni ifute taarifa ilizozichukua kwao. Tatizo likawa kwenye neno hilo, "kwao". Dalali hakuchukua chochote kwako, alinunua kwa mwingine, kwa hiyo dai lako halikumgusa. Jimbo jingine la Marekani, Vermont, lilikuwa la kwanza, 2018, kuwalazimisha madalali wajiandikishe, lakini daftari la majina halifuti kitu. Na California wamejiandikisha zaidi ya 500. Nani ataandika barua 500?

Ndipo 2023 ikapitishwa sheria ya ombi moja kwa wote. Mfumo wake, DROP, ulifunguliwa Januari 2026: mkazi anajaza jina, tarehe ya kuzaliwa, barua pepe, simu. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2026, kila dalali lazima achukue orodha ya maombi angalau mara moja kila siku 45 na kufuta.

Mbona kila mara? Kwa sababu data hurudi. Leo umefutwa, kesho unapakua programu ya hali ya hewa, inauza mahali ulipo, na faili lako linaanza kujaa upya.

Hapa pana kichekesho: ili dalali asikurudishe, lazima abaki na alama yako. Basi barua pepe yako husagwa kihesabu ikawa msururu wa herufi na tarakimu usiosomeka. Dalali anazisaga zake kwa njia ileile; zikilingana, anafuta. Asipofuta, faini ni dola 200 kwa kila ombi, kwa kila siku. Akipuuza maombi 1,000, siku moja tu ni dola 200,000.

Kumbukumbu za umma, kama za wapigakura na za umiliki wa nyumba, haziguswi. Wala duka ulilonunua viatu: hilo si dalali, mnajuana. Itabidi uliandikie mwenyewe.